Waya au programu: kuchagua njia ya kusambaza taarifa kwa waandishi ukiwa Mtwara au Lindi

Swali hili huibuka kila bajeti ya mawasiliano inapopitiwa: tuendelee kulipa kampuni ya nje ya kusambaza taarifa, hizi tunazoziita waya, kila tunapokuwa na jambo la kutangaza? Au tuchukue programu moja inayoshika orodha ya waandishi, kutuma, kufuatilia na kutoa ripoti, kwa ada ya mwezi?

Msimamo wangu nautaja mapema ili usisome mpaka chini ukiutafuta. Kwa taasisi nyingi za huku kusini, iwe chama kikuu cha ushirika, kiwanda cha kubangua korosho, hoteli ya Mikindani au Kilwa, au asasi ya kiraia ya Masasi, waya unalipia wasomaji ambao si wenu. Programu ni afadhali, ila nayo huja na vitu ambavyo Mtwara havifanyi kazi. Ukishaviondoa hivyo, kinachobaki ndicho cha kulipia, na mara nyingi ni daraja la chini kabisa kwenye orodha ya bei.

Waya unauza nini

PR Newswire ilianzishwa New York mwaka 1954 na Herbert Muschel. Badala ya kampuni kutuma matarishi na bahasha kwenye kila gazeti, mashine za teleprinta zilipeleka taarifa moja kwenye vyumba vingi vya habari kwa wakati mmoja. Business Wire ikafuata San Francisco mwaka 1961. Leo PR Newswire iko chini ya Cision, tangu 2016, na Business Wire ni mali ya Berkshire Hathaway, tangu 2006. Teleprinta imegeuka mkondo wa data unaoingia kwenye skrini za Bloomberg na Reuters. Kwa bara letu ipo APO Group, iliyoanza 2007 na kujikita katika habari za Afrika.

Ukilipa waya unanunua vitu vitatu kwenye kifurushi kimoja, na inafaa kuvitenganisha kwa sababu thamani yake hailingani.

Cha kwanza ni taarifa kufika kwa wote kwa mpigo, pamoja na ushahidi kwamba imefika. Kwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, hili ni jambo la sheria. Marekani wana kanuni ya mwaka 2000 inayokataza kampuni kuwanong'oneza wawekezaji wachache habari nzito kabla ya wengine. Masoko mengine yana taratibu zao. Na mambo haya hayako mbali nasi: mradi wa madini ya kinywe (grafiti) wa Lindi Jumbo, wilayani Ruangwa, uliendelezwa na Walkabout Resources, iliyojiandikisha kwenye soko la hisa la Australia. Wentworth Resources, iliyokuwa na hisa katika gesi ya Mnazi Bay hadi iliponunuliwa na Maurel & Prom mwishoni mwa 2023, ilikuwa kwenye soko la AIM la London. Kampuni za aina hiyo hutangaza kwanza kwenye mfumo rasmi wa soko lao, na hakuna programu ya mahusiano itakayoshika nafasi hiyo. Kama unafanya kazi kwenye kampuni kama hizo, ulinganisho huu unakuhusu nusu tu.

Cha pili ni nakala. Taarifa yako inarudiwa ilivyo kwenye tovuti nyingi zenye mkataba na waya, kisha unaletewa ripoti ndefu ya viungo. Miaka ya nyuma watu walilipia hili wakitaka kupanda kwenye Google. Mwaka 2013 Google ilibadili miongozo yake na kusema wazi kwamba viungo vilivyopandikizwa kwenye taarifa za aina hii ili kujipandisha visihesabiwe. Ripoti bado inakuja na bado ni ndefu, na bosi bado huipenda. Lakini ufungue ukurasa mmoja wapo uone kama kuna binadamu aliyepita hapo.

Cha tatu ni waandishi wenyewe. Hapa waya una udhaifu wake mkubwa: unamwaga taarifa yako kwenye mto wenye maelfu ya nyingine, za simu mpya, dawa mpya, wakurugenzi wapya. Mhariri wa dawati la biashara jijini Dar es Salaam hakai akiuchungulia mto huo akisubiri habari za Newala.

Bei hupangwa kwa eneo na kwa urefu. Kampuni kubwa za Marekani kwa kawaida huhesabu maneno 400 ya mwanzo kama msingi. Ukizidisha, kila maneno 100 yana bei yake, picha ina bei yake, nchi ya ziada ina bei yake. Taarifa moja ya kusambazwa Marekani nzima inaweza kupita dola elfu moja kabla hujaweka hata nembo.

Programu inauza nini

Hapa kuna madaraja mawili, na wauzaji hawapendi uyaone. Daraja la juu ni Cision, Meltwater iliyozaliwa Norway mwaka 2001, na Muck Rack ya Marekani. Kwa hawa unaomba bei, unapigiwa simu, unaletewa mkataba wa mwaka. Daraja la chini ni kama Prezly ya Ubelgiji na Prowly ya Poland, ambayo ilinunuliwa na Semrush mwaka 2020. Hizi huwa unaweza kuzijaribu kabla ya kulipa. Angalia pia kwamba Cision anauza programu na waya kwa pamoja. Ukimwambia unataka kuhama kutoka waya kwenda programu, atakufungia vyote viwili na kuita punguzo.

Ndani ya programu kuna hifadhidata ya waandishi, ukurasa wa habari wa taasisi yako, chombo cha kutuma barua pepe, ufuatiliaji wa habari zinazotoka, na ripoti. Hifadhidata ndiyo inayopandisha bei kuliko kingine chochote. Kwa Mtwara na Lindi ndiyo isiyo na faida.

Sababu iko kwenye namna habari zinavyotengenezwa huku. Magazeti ya Dar es Salaam kama Mwananchi, Nipashe na HabariLeo huandikiwa habari za kusini na wawakilishi, na wengi wao hulipwa kwa habari iliyotoka. Mwakilishi mmoja anaweza kuwa anaandikia gazeti, anatuma sauti redioni na ana chaneli yake YouTube. Barua pepe yake ya kazi ni ya Gmail, na mara nyingi hiyo hiyo haifungui, yuko WhatsApp. Ukija upande wa redio, zipo Safari FM na Jamii FM za Mtwara, Mashujaa FM ya Lindi, Radio Fadhila ya Masasi, na mkulima wa Tandahimba anazisikiliza kuliko anavyosoma tovuti yoyote. Hifadhidata iliyokusanywa London au New York itakupa mhariri mkuu wa gazeti la Kiingereza na simu ya mapokezi. Majina unayoyahitaji yako kwenye simu yako, kwenye klabu za waandishi za Mtwara na Lindi, na kwenye karatasi za mahudhurio za mikutano yenu ya miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo ukichagua programu, chagua inayokuruhusu kuingiza orodha yako mwenyewe kirahisi na usilipie ya kwao. Orodha nzuri ya kusini ni ya watu wachache. Gawa kwa kazi zao: nani anataka sauti, nani anataka picha, nani anaandika kilimo, nani hushughulika na bandari na gesi.

Ukurasa wa habari, kwa upande mwingine, ni kitu ambacho watu wanakidharau na mimi nakiona ndicho chenye thamani kuliko vyote. Ni anuani moja ya kudumu yenye taarifa zenu zote, picha zenye ukubwa wa kuchapika, vipande vya sauti na namba ya mtu anayepokea simu. Mwakilishi akiwa Nachingwea saa kumi na mbili jioni anaweza kuchukua sauti ya sekunde arobaini ya meneja wenu bila kukusumbua. Waya hauna mahali pa kuweka sauti ya Kiswahili kwa ajili ya redio ya Masasi. Angalia tu kama programu inakubali Kiswahili mpaka kwenye vitu vidogo, maana ukurasa wenye taarifa nzuri ya Kiswahili na juu yake tarehe imeandikwa "October" unaonekana umeazimwa.

Na nauli? Hakuna programu yenye kitufe cha nauli. Tunajua wote kwamba mwandishi anayelipwa kwa habari hawezi kwenda Nanyumbu kwa mfuko wake, na tunajua pia bahasha inavyochafua habari. Njia niliyoiona ina unafuu ni kumpunguzia safari: sauti, picha halisi za shambani au kiwandani na mtu wa kuhojiwa kwa simu, vyote vikiwa tayari kwenye ukurasa. Hilo haliondoi tatizo la malipo ya wawakilishi, ambalo ni la vyombo vyao, lakini linafanya habari itoke bila bahasha.

Hesabu

Tuchukue kiwanda cha kubangua korosho cha kufikirika kinachotoa taarifa sita kwa mwaka. Namba hizi ni za mfano tu, uweke zako. Kama waya unatoza dola 900 kwa taarifa, sita ni dola 5,400. Kwa dola moja ya Sh2,500 ni Sh13.5 milioni. Programu ya daraja la chini tuseme ni dola 200 kwa mwezi, yaani dola 2,400 kwa mwaka, Sh6 milioni. Ukiongeza waya mara moja tu, kwa ile taarifa inayowalenga wanunuzi wa nje, unafika Sh8.25 milioni.

Lakini jiulize hizo taarifa sita zinamhusu nani. Uteuzi wa meneja, msaada wa madawati shuleni, wito kwa wakulima kupeleka korosho maghalani: hizo ni za hapa na Dar es Salaam. Kuzipitisha waya wa Marekani ni kama kumtumia jirani wa Mikindani barua kupitia Ulaya. Moja pengine, ya cheti kipya cha ubora au laini mpya ya kubangua, inamhusu mnunuzi wa Ulaya. Na hata huyo, korosho ghafi yetu kwa sehemu kubwa huenda India na Vietnam, na wafanyabiashara wa korosho wana majarida yao ya biashara. Barua mbili za moja kwa moja kwa wahariri wa majarida hayo zinaweza kufanya kazi ambayo waya mpana hautaifanya.

Ipo pia njia ya tatu, isiyouzwa na mtu: jedwali la Excel, barua pepe yenye jina la taasisi, tovuti yenu wenyewe na WhatsApp. Kwa taasisi inayotoa taarifa mbili tatu kwa mwaka, inatosha. Ujue mipaka yake tu. Gmail ya kawaida hairuhusu kupita wapokeaji 500 kwa siku. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Brevo, huduma ya kutuma barua pepe kwa watu wengi, hutoa barua pepe 300 kwa siku bila malipo, na kwa orodha ya kusini hazitaisha.

Taarifa kufika, na kutofika

Jambo ambalo wauzaji wa programu hulipitia haraka ni uthibitisho wa barua pepe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma. Ukituma kwa jina la taasisi yako kupitia programu, fundi wa tovuti yenu lazima aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, kwenye jina la kikoa chenu, na ya DMARC, inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje, ni vizuri iwepo. Bila hizo, taarifa inaangukia kwenye taka na mwandishi anaapa hakuipata, na anasema kweli. Ni kazi ya fundi kwa muda mfupi, lakini kama fundi aliyesajili tovuti yenu alishaondoka na nywila, anzia hapo kabla ya kulipa chochote. Waya hauna usumbufu huu. Hiyo ni pointi yake, niitaje kwa haki.

Kisha kuna intaneti yenyewe. Mei 2024 iliwafundisha wengi: mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya, mvua na mafuriko vikaikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam eneo la Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Programu zote hizi zinakaa kwenye mtandao. Nakala ya orodha yako, yenye namba za simu, iwe kwenye kompyuta ya ofisi na nyingine kwenye karatasi.

Kasi nayo ina maana tofauti huku. Waliokuwepo Mtwara mwaka 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi, wanajua namna habari zinavyosafiri kwa midomo na vipeperushi kabla ofisi haijaandika aya ya kwanza. Uvumi ukianza Masasi kwamba malipo ya wakulima yamezuiwa, hakuna waya utakaoufikia. Unahitaji redio nne ndani ya saa moja na meneja anayekubali kuzungumza. Programu inasaidia kwa kuwa orodha imeshagawanywa. Kuzungumza ni juu ya meneja.

Data za watu na malipo

Namba ya mwandishi ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pamoja na kuwa na masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Programu ya Ulaya inahifadhi orodha yako nje ya nchi. Muulize muuzaji seva ziko wapi na mkataba wa uchakataji wa data uko wapi. Kampuni za Ulaya huwa nao tayari. Kwa waya hili ni dogo, maana orodha ni yao. Ila nao hawako salama kuliko wengine: mwaka 2015 waendesha mashtaka wa Marekani walifungua kesi dhidi ya wadukuzi na wafanyabiashara wa hisa waliokuwa wakiiba taarifa kwenye mifumo ya PR Newswire, Business Wire na Marketwired kabla hazijatangazwa. Taarifa nyeti usiipakie mapema popote.

Malipo ndiyo yanayoua mipango mingi. Programu inataka kadi kila mwezi. Kampuni binafsi itatumia kadi ya benki au kadi pepe ya M-Pesa na mambo yataenda, ingawa mhasibu atauliza habari ya kodi ya zuio kwa huduma inayolipwa nje. Halmashauri au taasisi ya umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya umma, na muuzaji wa Ubelgiji mwenye bei ya mtandaoni hayumo humo. Kwa taasisi ya umma, ushauri wangu ni ile njia ya tatu, pamoja na kupitia ofisi ya habari ya mkoa. Chama cha ushirika kiko katikati: bodi itataka ankara ya mwaka mzima yenye mhuri, kwa hiyo tafuta muuzaji anayekubali malipo ya mwaka kwa benki.

Ripoti

Waya utakuletea idadi ya "wasomaji wanaoweza kufikiwa", namba inayotokana na kujumlisha wageni wa tovuti zote zilizobeba nakala. Programu itakuletea asilimia ya waliofungua barua pepe. Ya pili ina maana zaidi, lakini tangu 2021 simu za Apple hupakia picha za barua mapema kwa ajili ya faragha, hivyo "amefungua" linaweza kuwa simu tu iliyofungua. Tazama aliyebonyeza kiungo na aliyepakua sauti. Na yeyote akikuletea thamani ya habari kwa kulinganisha na bei ya tangazo, mkumbushe kwamba wataalamu wa upimaji wa mawasiliano waliikataa mbinu hiyo kwenye Kanuni za Barcelona mwaka 2010.

Ufuatiliaji wa redio za Kiswahili za mikoani usiutegemee kwenye programu. Mpe kijana mmoja wa ofisi redio na daftari wiki ya taarifa.

Nani achukue kipi

Kampuni ya soko la hisa ibaki na mfumo wa soko lake, na waya kama mwanasheria wake anautaka, kisha iongeze ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya Ruangwa na Mtwara, kwa sababu wanaoishi karibu na mgodi hawasomi matangazo ya Australia. Kiwanda au hoteli inayotafuta wateja wa nje ichukue programu ya daraja la chini bila hifadhidata, na inunue waya kwa taarifa moja moja, bila mkataba. Vyama vikuu vya ushirika vya wakulima wa korosho kama MAMCU, TANECU na RUNALI vina kitu ambacho taasisi nyingine zinakitamani: habari inayosubiriwa. Siku ya mnada wa korosho waandishi wanatafuta bei ya juu na ya chini bila kubembelezwa. Kwao ukurasa wa habari unaosasishwa ndani ya saa moja baada ya mnada ni wa thamani kuliko chombo chochote cha kutuma. Asasi ndogo ibaki na Excel mpaka ianze kutoa taarifa kila mwezi.

Ukiamua kuhama, hama kabla ya Oktoba. Jaribu kwa taarifa moja halisi wakati minada haijaanza, ili makosa ya rekodi za barua pepe yaonekane wakati hakuna anayekimbizana na habari. Soma kifungu cha mkataba kujirefusha. Mikataba mingi ya mwaka hujirefusha usipotoa notisi mapema. Na mkiwa kwenye simu ya video na muuzaji, kabla hamjagusa bei, mwombe aandike "Lindi" kwenye hifadhidata yake huku ukiangalia. Akikuletea majina mawili na moja ni la mtu aliyeacha uandishi, mjadiliane bei ya daraja lisilo na hifadhidata.